Safari ya Lubumbashi: Samatta, Mazembe na kombe la 2015

Alhamisi, 5 Novemba 2015. Ubungo hadi Tunduma

Basi limetoka Ubungo saa kumi na mbili alfajiri. Mimi na shemeji tumekaa upande wa kushoto. Pasi za kusafiria, kadi za njano za chanjo na dola zetu chache tumezifunga kwenye mfuko wa nailoni, mfuko nimeuvaa ndani ya shati. Shemeji amezikagua dola moja moja jana usiku mbele ya taa. Anasema Kongo noti ya dola ikiwa na mchaniko hata wa ukucha hakuna atakayeipokea.

Shemeji ni mtu wa Lubumbashi. Alikuja Dar es Salaam kufuatilia mizigo ya wafanyabiashara wa kwao bandarini, akamwona dada yangu, akaposa, akakaa. Amezaliwa Mazembe, timu ya mpira ya mji wao, kama mimi nilivyozaliwa Simba. Mimi Mazembe nimeifikia kwa njia nyingine. Mwaka 2011 Simba tulikutana nao Ligi ya Mabingwa, wakatufunga kwao, wakaja kutufunga Dar 3–2. Katika mechi hizo wakamwona kijana wetu Mbwana Samatta, wakamchukua. Nilikasirika. Halafu nikaanza kumfuatilia, kwa sababu ni mtoto wa Mbagala, mtaa wangu. Kwa kumfuatilia yeye nikajua majina ya wenzake, nikajua wapinzani wao, nikajua siku zao za mechi kuliko za Simba. Thomas Ulimwengu alipojiunga naye kule, Watanzania wakawa wawili, nami nikawa sina tena pa kujificha. Ukikosa usingizi kwa ajili ya timu, ni timu yako.

Jumamosi iliyopita tulikaa sebuleni kwa dada tukitazama mechi ya kwanza ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Mazembe na USM Alger. USM Alger wakiwa kwao, Algiers, katika ule uwanja mdogo wa Omar Hamadi uliobanwa na watu. Rainford Kalaba akafunga la kwanza. Samatta akafunga la pili kwa penalti. Waarabu wakapata lao moja mwishoni, ikawa 2–1 kwetu. Dada alikuwa bado anapiga vigelegele shemeji aliponigeukia. "Shemeji, ya marudiano hatuiangalii kwenye TV."

Ndiyo tuko njiani.

Tulipopita Morogoro, dereva aliongeza sauti ya redio. John Magufuli alikuwa anaapishwa urais Uwanja wa Uhuru. Basi zima lilinyamaza, hata watoto. Wengine walikuwa wanasikiliza kiapo. Mimi nilikuwa nausikiliza uwanja.

Uwanja wa Uhuru ndio ule Uwanja wa Taifa wa zamani. Mwaka 1993, nikiwa na miaka tisa, baba alinipeleka pale kuona Simba ikichukua Kombe la CAF. Hatukwenda kuona kama itachukua, tulikwenda kuona ikichukua. Abidjan tulikuwa tumetoka sare 0–0 na Stella, kazi iliyobaki ilikuwa ya nyumbani. Boli Zozo akatufunga mara mbili. Mabao yenyewe siyakumbuki vizuri, nilikuwa nimezibwa na migongo ya watu wazima. Nakumbuka kutoka. Maelfu ya watu wanatembea kuelekea Chang'ombe na Kariakoo, unasikia viatu tu. Baba alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma na sikuthubutu kumwambia. Tangu siku ile mpaka mwaka huu wa 2015 hakuna klabu ya Tanzania iliyofika tena fainali ya Afrika.

Ndani ya mbuga ya Mikumi redio ikaanza kukatika, ikapotea. Twiga wawili kando ya barabara. Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu vya kumpelekea mama mkwe wa dada, shemeji amesisitiza, anasema vya kwao vidogo. Mlima Kitonga tuliupanda nyuma ya lori la shaba lililokuwa likirudi tupu, taratibu, mwendo wa mtu mwenye mzigo. Makambako baridi. Tunduma tumefika saa nne usiku, tumepata chumba kimoja, vitanda viwili.

Ijumaa, 6 Novemba. Nakonde na kuendelea

Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliopigwa mstari katikati. Ukivuka, unarudisha saa nyuma kwa saa moja. Tumebadilisha shilingi kwa kwacha, shemeji akihesabu, mimi nikiangalia mikono ya anayetubadilishia.

Basi la upande wa Zambia limeondoka saa nane mchana. Nilidhani mimi ndiye mgeni peke yangu humo ndani, kumbe lina Watanzania tele: wauza nguo, mafundi, mama mmoja na ndoo zake za dagaa. Shemeji anazungumza Kibemba na kondakta kama ndugu. Kofia yake nyeusi na nyeupe, yenye mamba aliyeng'ata mpira, imemfanya kijana wa kiti cha nyuma atugonge begani na kusema neno moja tu: "Kalaba!" Nikamjibu, "Samatta!" Shemeji akaongeza "Sinkala!" maana Nathan Sinkala naye ni wa kwao. Hatukuwa na lugha ya kuendelea zaidi ya hapo, lakini alitugawia mahindi yake ya kuchoma.

Saa tano usiku, tukiwa tumeshaiacha Mpika nyuma, rejeta imetoboka.

Naandika haya kwa mwanga wa simu. Giza la huku ni zito, msitu pande zote mbili, malori yanapita kwa kasi mpaka basi linatikisika. Fundi hajulikani atatoka wapi. Shemeji haongei. Amekaa kwenye jiwe, amevua kofia, anaizungusha vidoleni. Mpaka Lubumbashi bado ni mbali sana na mechi ni keshokutwa mchana. Nimemwambia tutafika. Amesema, "Mwaka 2010 sikuwepo, shemeji. 2009 sikuwepo. Nilikuwa Dar nahesabu makontena." Kisha akanyamaza tena.

Jumamosi, 7 Novemba. Kapiri Mposhi, Kasumbalesa, Lubumbashi

Dereva na kondakta waliziba rejeta wenyewe kukipambazuka, kwa sabuni na gundi na subira. Wanakijiji walituletea maji kwenye madumu bila kudai kitu. Kapiri Mposhi tumeingia saa tano asubuhi badala ya alfajiri. Reli ya TAZARA inaishia hapa, kilomita 1,860 kutoka Dar, nami nimeiona stesheni kwa dakika tatu tu, nikiwa nakimbia na begi kichwani kuwahi basi dogo la Kitwe.

Kitwe, Chingola, Chililabombwe. Sitaandika mengi, tulikuwa tunatazama saa. Udongo umekuwa mwekundu na kila gari unaloliona limebeba shaba au linaifuata.

Kasumbalesa foleni ya malori haina mwisho. Namba za Tanzania nyingi kuliko za nchi nyingine yoyote. Madereva wa kwetu wametandika maturubai chini ya matela yao, wanapika, wananyoana ndevu, mmoja alisema hii ni siku yake ya tano hapo. Alipojua tunakokwenda aliinuka, akafungua kabati la lori, akatoa bendera ndogo ya Tanzania iliyofifia jua. "Mpeperushieni," alisema. "Mwambieni sisi wa foleni tunamsikiliza redioni." Nimeikunja nikaiweka kwenye mfuko mmoja na pasi.

Tulivuka kabla mpaka haujafungwa. Kilomita 90 hivi zilizobaki tulizimaliza ndani ya teksi, watu sita na vitunguu.

Kwao shemeji ni Kenya. Ndivyo unavyoitwa mtaa, nao umepakana na Kamalondo penye uwanja. Mzee wake alikuwa amekaa barazani gizani, umeme umekatika, redio ya betri kwenye paja. Nikainama, nikasema shikamoo. Akanipa mkono na kunitazama akisubiri niendelee. Shemeji akacheka, akaniambia huku hawana hiyo, sema "Jambo, baba." Nikasema. "Jambo sana!" akajibu, na hapo akanishika mikono yote miwili.

Ugali wao unaitwa bukari. Tumekula kwa sombe, kisamvu chao, na samaki wa kukaanga, mama akiwa amevikata vitunguu vya Ruaha juu yake na kuvisifia. Nilipokuwa nanawa mzee akauliza, "Ule mutoto yenu, baba yake angali mzima?" Sikujua la kumjibu kuhusu familia ya watu, nikasema tu kwamba Mbagala yote ni baba yake. Akatikisa kichwa, ameridhika.

Kisha akaanza, na nilikaa naye mpaka saa sita usiku. Yeye haiiti timu Mazembe. Anaiita Englebert, kwa jina la kiwanda cha matairi, kama ilivyoitwa ujana wake. Watawa wa Kibenedikto waliianzisha mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa shule, ikiitwa Saint-Georges. Mji wenyewe ulikuwa Élisabethville. Mwaka 1967 timu ikafika fainali ya Afrika na Asante Kotoko wa Ghana. Sare, tena sare. Ikapangwa mechi ya tatu Yaoundé, Kotoko hawakutokea, kombe likaja Lubumbashi. Mwaka uliofuata wakawapiga Étoile Filante wa Togo 5–0, wakaenda Lomé wakafungwa 4–1 na bado wakarudi nalo. Hakuna aliyekuwa amewahi kulitetea kombe lile kabla yao. Mzee anasimulia kwa vidole: huku winga, huku beki, huku mpira. Ameshika kijiko, kijiko ni mshambuliaji.

"Halafu miaka makumi ine hapana kitu," alisema. Miaka arobaini na moja bila kombe lile, mpaka 2009, walipolipata tena kwa bao la ugenini dhidi ya Heartland wa Nigeria. Nilimsimulia kuhusu 1993 na mkono wa baba. Aliweka kijiko chini. Hakunipa neno lolote la faraja, alinisogezea tu redio karibu, tukasikiliza pamoja taarifa za timu kwa Kifaransa nisichokielewa.

Jumapili, 8 Novemba. Kamalondo

Tangu asubuhi mtaa mzima ni mweusi na mweupe. Watu wametoka kanisani, hawakubadilisha hata nguo, wamevaa jezi juu ya mashati ya misa. Watoto wanaruka kwa makalio vumbini wakimwiga kipa Robert Kidiaba, ana miaka 39 na bado ndiye wanayetaka kuwa. Hata jirani wa shemeji ambaye ni wa Lupopo, wenye bluu na njano, mahasimu wa mji huu, alitoka mlangoni kutuaga. Hakututakia ushindi, hilo lingekuwa kubwa mno kwake. Alisema, "Muende salama."

Mzee amebaki. Magoti hayamruhusu ngazi za uwanjani.

Tulitembea kwa miguu. Uwanja huu Mazembe wamejijengea wenyewe, ulifunguliwa 2011, unachukua watu kama elfu kumi na nane, nyasi za bandia. Kwa Uwanja wa Taifa wetu wa elfu sitini ni mdogo, lakini sijawahi kukaa mahali penye kelele za namna ile. Wachezaji wako karibu mno na wewe, unaona jasho. Kundi la mashabiki wanaojiita Asilimia Mia lina ngoma na matarumbeta, na hawakunyamaza tangu tulipoketi. Moïse Katumbi alipoingia, mwenye timu, aliyekuwa gavana wa Katanga mpaka mwaka huu, watu walisimama wote. Nilitoa bendera ya dereva, nikaifunga kwenye ukingo wa chuma mbele yetu. Mtu wa kulia kwangu, sijui jina lake, aliisoma rangi zake, akanipa kipande cha muwa.

Hesabu ilikuwa rahisi na ndiyo maana ilitesa. Tuna 2–1 ya ugenini. Wakitufunga moja, bado letu. Wakitufunga mawili bila sisi kupata, limekwenda. Kipindi cha kwanza kikaisha 0–0 na watu wakapumua. Mimi sikupumua. Nilishawahi kukaa uwanjani nikiwa na matokeo mazuri ya ugenini, nyumbani kwangu, mbele ya watu wangu. Kila mpira ulipovuka nusu yetu nilikiona kichwa cha baba mbele yangu.

Shemeji aligundua. Alinishika mkono. Mtu mzima na mtu mzima, tumeshikana mikono kama watoto, na hatukuachana.

Kipindi cha pili Samatta alikuwa hapati nafasi. Mabeki wa Algiers walimfunga katikati yao, akigeuka yupo mtu, akirudi nyuma yupo mtu. Robo saa ya mwisho inakaribia, mara nikasikia kipyenga, nikaona mkono wa mwamuzi umenyooka kwenye doa la penalti.

Samatta akauchukua mpira.

Uwanja ukanyamaza. Matarumbeta yale yakanyamaza. Nilimwona anaurekebisha mpira kwa mikono miwili, taratibu, anarudi nyuma, amesimama, kijana wa Mbagala peke yake kwenye duara la watu elfu kumi na nane wa mji mwingine na wote wanamtegemea yeye. Na hapo nikafumba macho. Sikukusudia. Nimepita nchi tatu kuja kuliona jambo hili, nikafumba macho, na nikasikia viatu. Viatu vya 1993, vinatembea.

Kisha nikasikia Lubumbashi.

Sijui namna ya kuiandika sauti ile. Shemeji alikuwa ameniangukia, yule jirani wa muwa ameniangukia, tulikuwa chini ya viti, mdomo wangu umejaa kitambaa cha jezi ya mtu. Nilipoinuka, bendera ya dereva haikuwa kwenye ukingo. Ilikuwa juu, mikononi mwa watu nisiowajua, inapita safu kwa safu. "Samata! Samata!" Wanalitaja kwa namna yao, na ni jina la kwetu.

Dakika za nyongeza Roger Assalé akafunga la pili. 2–0, jumla 4–1. Kombe la tano: 1967, 1968, 2009, 2010, na hili. Kipyenga cha mwisho sikukisikia kabisa. Nilikuwa nalia, na kilio hicho hakikuwa cha leo. Shemeji alikuwa anapiga magoti kwenye saruji, anambusu mtu yeyote aliyepita.

Tulirudi Kenya usiku, safari ya kutembea muda mfupi tu iliyotuchukua saa mbili. Magari yanapiga honi, watu juu ya mapaa ya teksi, moshi wa michopo, nyama choma yao, kila kona na mbuzi wakiuzwa mpaka mifupa. Hakuna aliyekwenda kimya. Nilivisikiliza viatu na sikuvisikia.

Mzee alikuwa pale pale barazani. Redio imeisha betri, ameiacha pajani. Alikuwa amesikia yote, lakini alituketisha, mimi upande huu, mwanawe upande ule, akataka aelezwe kila dakika. Tulipofika kwenye penalti akanigeukia mimi.

"Alipiga upande gani?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, "Baba, nilifumba macho." Shemeji akataka kumjibu, mzee akamzuia kwa kiganja. Alikaa kidogo. Kisha akasema mwaka 2009 alikuwepo uwanjani, na kipyenga cha mwisho kilipokaribia na yeye aliangalia ardhi.

Jumatatu, 9 Novemba. Lubumbashi

Mji umelala mpaka saa nne. Tumezunguka kidogo: bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, na kilima cheusi cha mabaki ya shaba nyuma yake, unakiona kutoka kila upande. Nimenunua jezi mbili. Mama amenifungia lengalenga (mchicha wao) zilizokaushwa, nampelekea dada. Jioni mvua kubwa ya kwanza niliyoiona hapa, watoto wakatoka wakaruka kwa Kidiaba kwenye matope.

Mzee hakunipa zawadi. Alinipa namba yake ya simu, akaniandikia mwenyewe kwa kalamu kwenye kadi yangu ya njano, ukurasa wa nyuma, kwa sababu karatasi nyingine hatukuiona haraka.

Jumanne hadi Alhamisi

Kasumbalesa yule dereva tulimkuta amesogea malori kumi. Tulimpa jezi moja. Bendera hatukuweza kumrudishia, haikurudi mikononi mwetu, na alipoambiwa imekwenda wapi alisema ndipo mahali pake. Basi la kurudi halikuharibika. Tunduma nikasogeza saa mbele. Shemeji amelala njia nzima ya Mbeya hadi Chalinze, kofia usoni.

Jumamosi, 14 Novemba. Dar es Salaam

Leo Taifa Stars na Algeria, kufuzu Kombe la Dunia. Nimekwenda na shemeji, amevaa jezi ya Stars na kofia ya mamba. Elias Maguli alifunga la kwanza kabla ya mapumziko. Baada ya mapumziko mpira ukamfikia Samatta, na moyo ukanienda mbio kama Jumapili ile, nikayakaza macho mpaka yakatoa machozi. Akafunga. Waarabu wamerudisha yote mawili, tumetoka 2–2, watu wametoka wakilalamika.

Mimi nimesimama kwenye ngazi, nimetoa kadi ya njano, nimepiga Lubumbashi. Ilichukua muda kupokewa.

"Jambo, baba," nimemwambia. "Hii nimeiona."